Fuata Mpaka Mwisho

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekwisha! Shangazi kapiga simu: binamu anahamia shuleni kwetu Jumatatu ijayo. Binamu huyu ndiye anayeniita Mtaro. Ni tangu tulipocheza boling, ule mchezo wa kubingirisha matufe kuangusha pini, miaka minne iliyopita, matufe yangu yote yalipoingia mtaroni pembeni ya njia na hakuna pini hata moja iliyotikisika. Darasa likilisikia jina hilo, nitazeeka nalo.

Nikampigia binamu, nikamwambia tucheze Jumamosi. Nikishinda, jina life. Akauliza kama siku hizi najua. Nikasema nimefanya mazoezi mwaka mzima. Uongo mtupu! Nikiona haya, ulimi hunitangulia.

Jumanne, 2 Septemba

Nimetazama video ya mwalimu wa boling, ya Kiingereza. Hatua nne. Vidole vitatu kwenye matundu ya tufe. Goti likunjwe. Macho kwenye mishale ya sakafuni, si kwenye pini. Ukishaachia tufe, fuata mpaka mwisho. Nimetafsiri mwenyewe. Kiingereza nina A.

Mazoezi koridoni, kwa kabichi badala ya tufe. Mama kauliza nani kaitoboa matundu matatu. Nikasema panya. Kasema panya huyo ana vidole vizuri.

Alhamisi, 4 Septemba

Ukumbi wa boling, peke yangu. Nikamwambia mama anayeazimisha viatu kwamba mimi mzoefu. Hatua nne, safi. Nikaachia. Nikafuata. Mpaka mwisho!

Nani alijua njia inapakwa mafuta? Nikateleza kwa makalio hadi katikati. Tufe likaenda zake mtaroni. Mama wa viatu mbio: "Mkono, mwanangu! Mkono ndio unaofuata, siyo wewe mzima!"

Akakaa nami saa nzima. Tufe linatoka, mkono unapanda mpaka usawa wa sikio. Pini sita! Nikamsihi Jumamosi ajifanye hanijui.

Jumamosi, 6 Septemba

"Karibu, mwanangu wa kuteleza! Makalio yamepoa?"

Mama wa viatu huyo, mbele ya ukoo mzima! Nilitamani kuingia ndani ya kiatu.

Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu eti tungoje, atuonyeshe nilivyofanya. Akavuka mstari, hatua mbili za maringo, puu! Alifika mbali kuliko mimi. Na mjomba alikuwa anarekodi.

Tukacheza. Kanishinda kwa pini tatu. Nikajua basi tena. Lakini garini akaninong'oneza: "Sikia. Mtaro hakuna, na video hakuna. Sawa?"

Sawa! Sawa mara mia! Nimeshusha pumzi niliyoibana tangu Jumatatu.

Jumatatu, 8 Septemba

Binamu kaingia darasani, kaniita kwa jina langu halisi. Raha iliyoje! Hata uji wa kantini ulikuwa mtamu.

Kisha mwalimu wa michezo akauliza nani anajua kuogelea. Macho yake yakatua kwangu. Nikaona haya. Nikasikia mtu anasema amefanya mazoezi mwaka mzima. Kumbe ni mimi.

Binamu akanyoosha mkono kule nyuma: ni kweli, mwalimu, yeye ni shahidi.

Mashindano ni Ijumaa. Si neno. Nimeshapata video, ya Kiingereza.