Dude la Kwenye Kamba za Chaza

Jumatatu, 4 Machi
Kuna dude kwenye kamba zangu za kufugia chaza! Rangi ya chungwa, linateleza kama sabuni iliyolowa, limewafunika chaza gubigubi. Kamba za shemeji, ng'ambo ya gati, safi. Na bosi atachagua msimamizi wa shamba mwisho wa mwezi: shemeji au mimi. Mke wangu kasema huyo ni kaka yake, nisianze vituko. Vituko? Mimi?

Jumanne, 5 Machi
Nimelikwangua lote kwa kisu. Vipande kama mia mbili. Nikavisukumia upande wa shemeji, maji yakielekea huko. Akanipungia mkono. Nikampungia pia. Maskini!

Alhamisi, 21 Machi
Sielewi. Kamba za shemeji zimeota dude, sawa. Zangu zimeota mara tatu ya zake!

Jumatatu, 25 Machi
Amekuja mtaalamu wa viumbe wa bahari, mama wa makamo mwenye buti kubwa. Kanipa kioo cha kukuzia. Maua! Madogo mno! Kasema kila petali ni mnyama kamili, anavuta maji, anachuja chakula, kisha wote wa ua moja wanatema maji kwa tundu moja la katikati. Nikauliza: basi dude hili ni mnyama mmoja au elfu? Akasema yote mawili. Nikarudia polepole, huenda hakusikia. Yote mawili!

Eti wakiwa wachanga wana mkia, wanaogelea saa chache tu, halafu wanabandika kichwa kwenye kamba, nguzo au tumbo la mashua, penye maji matulivu. Mkia unanywea. Hawahami tena maisha yao yote. Mke wangu aliposimuliwa alinitazama kwa muda mrefu. Sijui kwa nini.

Na kipande kikikatwa? Kinaota upya, dude zima. Mtaalamu akauliza ni nani aliyekata. Shemeji akasema kwa heshima kwamba aliniona na kisu, akadhani nalisha samaki.

Jumamosi, 30 Machi
Msimamizi ni shemeji. Alizitoa kamba zake majini, akazianika juani, dude likakauka. Kaniomba nifanye vivyo hivyo, kwa upole kabisa. Upole huo umenichoma.

Jumapili, 31 Machi
Kosa nimeliona! Vipande vilikuwa vikubwa mno. Leo nimeazima kwa mama mkwe mashine ya kusagia nyama. Nimelisaga dude lote, laini kama dawa ya meno, nikalimwaga palepale gatini. Shemeji atashangaa.