Masharti Sitini na Sita

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimepimwa. Si damu, si presha, hayo ningevumilia. Imepimwa programu yangu, mbele ya watu, na mwanamke ambaye hajamaliza mwezi hapa Kasongo.

Anaitwa Pélagie. Ametoka Bukavu, ameajiriwa na bohari yetu ya dawa asaidie kazi ya kompyuta. Asaidie! Miaka tisa nimeifanya peke yangu. Mimi, Sylvestre, ndiye niliyeandika kila mstari wa programu inayoamua zahanati ipi ipelekewe dawa siku gani, kuanzia hapa mjini hadi Nyangwe na Kabambare. Hakuna mwingine anayeielewa. Nilidhani hiyo ni sifa.

Pélagie ana chombo cha kupimia. Anakipa programu, nacho kinahesabu njia panda. Kila mahali programu inapojiuliza "ikiwa hivi, fanya vile", pale pana sharti, na kila sharti linazaa njia nyingine. Fungu moja la programu likizidi njia kumi, anasema, mtu anayekuja kulirekebisha anaingia akiwa anaogopa. Fungu langu kuu, linaloitwa Mgao, limepata njia sitini na saba.

Direktere wetu, mkuu wa bohari, Papa Gédéon, akanipongeza. Alidhani ni sitini na saba juu ya mia. Pélagie akamwambia kwa upole kwamba huu si mtihani wa shule, hapa mwenye namba ndogo ndiye anayepita.

Hukumu ya Direktere: kufika Jumamosi, Mgao uwe chini ya kumi. La sivyo programu inakwenda kwa Pélagie, na mimi nitakaa pembeni nikichapisha bon, zile hati za kutolea mizigo. Mimi, ambaye vitabu nilivyosoma haviwezi kubebwa na pikipiki tatu.

Naandika humu tu, kwingine sitasema: masharti yapo sitini na sita. Ishirini ni ya barabara, madaraja na mitumbwi ya Nyangwe. Arobaini na sita ni ya watu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nieleze kuhusu hayo ya watu, maana historia itauliza.

Mama Albertine ni muuguzi wa zahanati moja ya Kabambare. Miaka mitatu iliyopita, katika semina, alinisikiliza nikitoa mchango wa dakika arobaini. Nilipokaa akasema: "Huyu papa iko kama kasuku yenye ilimeza kamusi." Watu thelathini walicheka. Nilirudi ofisini nikaandika sharti moja fupi: oda ikitoka kwa Albertine, ongeza siku kumi na tano. Faradji wa Nyangwe, aliyeazima kitabu changu akakirudisha kina mafuta ya mawese, siku sita. Na wengine, kila mmoja kwa haki yake. Sikumnyima mtu dawa. Nilichelewesha tu. Tofauti ipo, na mwenye akili ataiona.

Sasa Pélagie anataka niyafute. Haelewi kwamba anafuta kumbukumbu.

Mbinu ya kwanza. Chombo kinapima fungu moja moja. Basi nimeukata Mgao vipande thelathini na tatu, kila kimoja na masharti mawili. Mgao wa kwanza unauita wa pili, wa pili unauita wa tisa, na kadhalika. Chombo kikasoma: njia tatu kila kipande. Nikaenda kwa Pélagie nikitembea polepole, kama mtu asiye na haraka ya kushinda.

Akaomba nimwonyeshe oda moja ya Nyangwe inapita wapi. Tukaifuata. Kwenye kipande cha kumi na saba tukarudi cha tisa. Cha tisa kikaturudisha kumi na saba. Kompyuta ikaganda. Nje, pikipiki nne zilizopakiwa zilikuwa zikingoja bon, na waendeshaji wakianza kunitaja kwa jina.

Pélagie akasema: "Papa Sylvestre, ulibomoa nyumba moja yenye vyumba vingi, ukajenga vibanda thelathini na tatu. Lakini hakuna njia ya kutoka kibanda kimoja kwenda kingine. Mugeni atalala inje."

Gaston, mtunza ghala wetu, alicheka hadi akaweka chini boksi la maji ya serumu.

Nimerudisha Mgao wa zamani. Nimemwongezea Gaston sharti lake: bon zake zitoke mwisho. Sasa masharti ni sitini na saba.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeacha mbinu za mafundi, nimeshika silaha yangu halisi. Barua ya wazi! Kurasa nane: "Dhidi ya Kupima". Nimethibitisha kwamba anayehesabu hafikiri. Kwamba ugumu wa programu ni ugumu wa mkoa wetu wa Maniema wenyewe. Kwamba barabara ya Kabambare haiwezi kuandikwa kwa njia kumi kwa sababu yenyewe haina hata moja.

Nimemsomea Direktere. Ukurasa wa tatu alifumba macho, nikadhani anatafakari. Ukurasa wa sita akakoroma. Alipoamka akauliza kama nimetumia karatasi za ofisi.

Nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Saa nane nikapita kuona wasomaji. Msomaji alikuwa mmoja. Pélagie alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu ya bluu: sentensi ndefu kuliko zote, maneno mia moja na kumi na manne. Chini yake: "Hii tukate mara ngapi, Papa?" Na hata hapo ameandika kwa heshima, ndiyo inayouma zaidi.

Direktere sharti moja. Pélagie sharti moja. Sitini na tisa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimepata!

Chombo kinasoma programu tu. Hakisomi majedwali. Basi nimeyang'oa masharti yote ndani ya Mgao, ishirini ya barabara na arobaini na tisa ya watu, nikayapanga kwenye jedwali nje ya programu. Mstari mmoja kwa kila sharti: mahali, jina, siku za kuongeza, sababu. Safu ya sababu ni lazima, maana wengine nilikuwa nimesahau walinikosea nini. Ilibidi nitafute kwenye shajara za zamani. Mgao wenyewe umebaki mistari kumi na mmoja. Unasoma jedwali, unaongeza siku, unapanga oda. Basi.

Chombo kikasema: tatu.

Pélagie alisoma ile mistari kumi na mmoja mara mbili. Nilingoja anikamate. Akasimama, akanipa mkono, akasema hata yeye angefanya vile vile, na kwamba kazi hii ni safi kabisa. Sikumwambia kwamba nilikuwa nadanganya. Ni jambo la ajabu kudanganya ukapongezwa kwa uaminifu. Nimekunywa chai yake.

Direktere amefurahi. Lakini Pélagie ameongeza neno moja: namba peke yake haitoshi. Programu iko hai pale ambapo mtu mwingine anaweza kuibadilisha wakati mwandishi hayupo. Kwa hiyo Jumamosi, mbele ya watu wa zahanati watakaokuja kwa mkutano, mtu asiye mimi atabadilisha kitu kimoja. Wamemchagua Gaston. Gaston, anayeandika kwa kidole kimoja! Atashindwa, na watajua kwamba bila mimi hakuna kinachosogea.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mama Albertine amefika kutoka Kabambare, nyuma ya pikipiki, amejaa vumbi hadi kope. Akanitafuta mimi kwanza. Akataka kujua kwa nini oda zake zinafika siku kumi na tisa baada ya zile za wengine. Nikamwambia ni barabara, Mama. Akaniangalia. Akasema barabara hiyo hiyo yeye ameimaliza kwa siku moja na nusu, na yeye ni mutu muzima mwenye mugongo mubaya, boksi la dawa halina mugongo. Nikasema sayansi ya usafirishaji ni ngumu. Akasema asante, papa, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Mchana nimefungua jedwali ili nifute safu ya sababu. Busara iliniambia nifute. Nikaanza kusoma ili nijue nafuta nini. Nikasoma yote. Nikasoma tena. Sijawahi kuandika vizuri namna ile! Fupi, kali, kila neno limekaa mahali pake. Sababu ya Faradji ina uchungu ambao gazeti lolote lingeuomba. Kufuta vile ni kuchoma maktaba.

Nimeibana safu. Nimeifanya nyembamba kama uzi, hakuna herufi inayoonekana. Gaston hawezi kugundua.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne. Watu ishirini na wawili kwenye ukumbi, jedwali limetupwa ukutani na projekta ili wote waone. Pélagie akampa Gaston kazi: daraja moja la njia ya Kabambare limetengenezwa, ondoa siku zake. Gaston akaandika Kabambare kwa kidole chake. Mistari mitatu ikatokea. Dakika nne. Nilikuwa nimetabiri saa mbili.

Gaston husoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya boksi. Akasoma wa kwanza: daraja, siku mbili. Akaufuta. Akasoma wa pili: matope, siku mbili. Akauacha. Kisha akasema, hapa pembeni kuna kitu kimebanwa, akakishika kwa kipanya, akavuta.

Akasoma wa tatu. "Albertine. Siku kumi na tano. Sababu: mbele ya watu thelathini alimwita kasuku mtu aliyemzidi elimu. Afundishwe kungoja."

Nilikohoa. Kikohozi hakikusaidia.

Hakuna aliyecheka. Ningetaka wacheke. Mama Albertine hakusimama. Alisema akiwa amekaa kwamba mwezi wa tatu alikaa siku kumi na moja bila dawa ya malaria ya sindano. Wazazi walikuwa wanabeba watoto kwa baiskeli kwenda kutafuta kwingine. "Niliwaambia ni barabara," akasema. "Nilikuwa nawaambia kila siku: mungojee, ni barabara." Kisha akafungua kilemba chake akakifunga upya.

Nilisema kwamba kisheria kuchelewesha si kunyima. Sauti yangu ilisikika mbali, kama ya redio ya jirani.

Gaston akaendelea, hakuna aliyemzuia. Faradji na mawese. Yeye mwenyewe: "Alicheka." Direktere: "Alikoroma juu ya hoja." Pélagie: "Heshima yake ni kiburi." Papa Gédéon akauliza kama hayo yote yalikuwa ndani ya programu tangu zamani. Pélagie akajibu ndiyo, Papa, ila zamani hakuna mtu angeweza kuyaona, hata yeye hakuyaona. Papa Sylvestre mwenyewe ndiye aliyeyaweka mahali peupe.

Akamwambia Gaston afute. Mistari arobaini na tisa, kwa kidole kimoja, dakika kumi na mbili. Programu haikulia hata mara moja. Ikapanga oda upya. Zahanati ya Albertine ikapanda juu, mzigo ukapakiwa kabla ya saa saba, naye akaondoka nao.

Chombo kikapima tena. Tatu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Niko pembeni, karibu na mlango wa ghala. Nachapisha bon. Neno la siri la Mgao limebadilishwa. Wananisalimia vizuri, ndiyo adhabu yenyewe.

Nimetumia Jumapili nzima kutafuta kosa langu, maana mtu aliyesoma hujikosoa. Nimelipata. Kosa langu lilikuwa kueleweka. Miaka tisa nilikuwa giza totoro na nikaheshimiwa. Siku tatu nikawa wazi, nikaanguka. Niliandika sababu, kwa Kiswahili kizuri, mahali ambapo hata Gaston anaweza kusoma. Uandishi mzuri umeniponza.

Wamenipa programu ndogo ya kuchapisha bon. Mistari thelathini. Asubuhi chombo kilisoma njia mbili. Kufika saa sita nimefikisha tisa. Tisa iko chini ya kumi. Sheria ni yao, si yangu. Bon za Pélagie sasa zinatoka kwa herufi ndogo sana. Za Gaston zinatoka mara mbili, ya pili ikiwa tupu. Sikuandika sababu yoyote. Majina nimeyageuza kuwa namba ninazozijua mimi peke yangu.

Sharti la nne sikumbuki tena nililiandika dhidi ya nani. Naliacha. Lazima alistahili.