Jina la Mwanangu na Farasi wa Kofia Nyeupe

Jumapili, 13 Machi 1983

Leo nimeliweka rehani jina la mwanangu. Sijutii hata chembe.

Mtoto ana wiki tano, hajabatizwa, na kila mtu humu ndani anamwita atakavyo. Mume wangu Colman anamwita Bwana Mkubwa. Mama mkwe wangu, Mama Philomena, anamwita Bartholomew, jina la marehemu mumewe, kwa kuwa huku kwetu Cork mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba. Mimi nikimnyonyesha namnong'oneza: Fintan. Jina la baba yangu, Mungu amrehemu. Macho ni yake. Kidevu ni chake. Hata chafya ni yake!

Mchana mezani Mama alitangaza kwamba ubatizo ni Jumapili ijayo na jina ni Bartholomew, basi. Nikasema Fintan. Akasema Bartholomew. Colman akatafuna kiazi. Kiazi kimoja, dakika nne! Nikawaka. Nikasema basi farasi waamue. Jumamosi ni Kombe la Carrigdoon, maili tatu, viunzi kumi na vinane vya kuruka. Kila mmoja wetu achague farasi wake. Ambaye farasi wake atamtangulia wa mwenzake, huyo ndiye atakayempa mtoto jina.

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Amewataja washindi wa mbio hizo miaka mitano mfululizo. Akatema mate kiganjani, akaninyooshea mkono, kama wafanyavyo wachuuzi wa farasi gulioni. Na mimi nikatema yangu. Desturi inataka mtu wa tatu awapigishe mikono, kwa hiyo Colman aliondolewa kwenye kiazi chake akatupigisha. Pwaa! Mapatano ya namna hiyo hayavunjwi na padri wala hakimu.

Wananiona sijui farasi. Wamesahau kwamba baba yangu aliendesha gari la mikate la farasi miaka thelathini na mmoja! Nusu ya damu yangu ni shayiri.

Jumatatu, 14 Machi

Kazi imeanza. Nimesukuma kigari cha mtoto kupanda kilima mpaka kwenye mazizi ya Mzee Malachy Tuohy, mkufunzi wa farasi mwenye farasi wawili katika Kombe.

Baba alikuwa akisema farasi hupimwa kwa mambo matatu: masikio, makalio na makusudi. Mimi nimeongeza la nne, mkufunzi. Mkufunzi apigaye kelele ana farasi wabovu. Mzee Tuohy hapigi kelele. Anaongea na farasi wake kama anaongea na maaskofu. Viatu vyake vimetoboka, lakini mablanketi ya farasi ni mapya. Nikaandika: alama kumi.

Farasi wa kwanza, Siri ya Padri. Mweusi, anang'aa, masikio wima kama mtu anayesikiliza mlangoni. Wa pili, Binti Ukungu, farasi jike wa kijivujivu. Nilimkuta anatafuna mlango. Masikio yamelala huku na huku. Nikaandika: mkweche.

Mzee Tuohy aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia mtoto anahitaji hewa safi. Akasema hewa ya hapa ni mavi matupu, labda mtoto ana pua ya ajabu. Lakini ni mtu mwema, tukaongea. Wale farasi wote wawili ni wa mjane mwenye baa, kwa hiyo wapandaji wao watavaa shati moja, kijani na mkanda wa dhahabu. Watatofautishwa kwa kofia tu. Dinny Crotty, mpandaji wake mkuu, ndiye atakayechagua ampande yupi, na atavaa kofia nyeupe. Farasi atakayemkataa atapandwa na Nuala, binti wa nduguye Mzee Tuohy, kwa kofia nyekundu. Crotty bado hajasema. Carrigdoon nzima inangoja. Hata mkewe hajamwambia.

Nimeshuka kilima nikiimba. Atakayemjua farasi wa Crotty amemjua mshindi. Na mwanamume mwenye siri ni kama mtoto mwenye gesi, anahitaji tu mtu wa kumpapasa vizuri.

Jumanne, 15 Machi

Nimeoka pai ya matufaha. Nimempelekea Crotty.

Masikini wa Mungu! Nilimkuta kando ya moto amevaa sweta tatu na koti la mvua juu yake, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Mezani nusu ya yai la kuchemsha. Nikauliza nusu nyingine iko wapi. Akasema hiyo ndiyo chakula cha jioni. Eti kila mpandaji hupimwa kwenye mizani kabla ya mbio, na yeye hana nafasi hata ya ratili moja ya ziada. Sisi wengine tuna Kwaresima siku arobaini. Kwaresima ya mpanda farasi haina Pasaka.

Mimi ni mama. Siwezi kumtazama mtu mwenye njaa. Nikafunua pai. Akageuza uso ukutani. Akasema, "Dada Assumpta, kiondoe hicho kitu, nakusihi kwa jina la watakatifu wote." Nikasema anuse tu. Akanusa. Nikasema kipande chembamba hakina uzito, ni hewa na mdalasini. Akala kipande chembamba. Kisha akala kinene. Kisha akafuta sahani kwa kidole.

Kuhusu farasi hakusema kitu. Mdomo ulikuwa na kazi. Lakini machozi yalimtoka. Pai yangu imemliza mwanamume aliyevunjika mbavu mara sita bila kulia!

Jumatano, 16 Machi

Pai ya pili. Siagi zaidi.

Leo mlango ulifunguliwa kabla sijabisha. Crotty alikula kwanza, ndipo akanichambulia wapandaji wenzake mmoja mmoja. Huyu bega lake halijaunga. Yule anatumia fimbo kuliko akili. Mwingine akiona mtaro wa maji anafumba macho, na farasi naye anafumba. Niliandika yote nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Kwenye kipande cha tatu aliweka uma chini. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akasema, "Siri ya Padri. Na ukimwambia mtu, nitakana kwa msalaba."

Nilitaka kumkumbatia. Nikamkumbatia mtoto badala yake, akanitapikia begani. Nilirudi nyumbani kichwa juu, begani maziwa, moyoni ushindi. Colman aliuliza ninatabasamia nini. Nikasema hali ya hewa. Mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi, 17 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Tumebandika kifuani yale majani yetu ya kijani ya ncha tatu, alama ya Mtakatifu, mtoto naye kwenye kofia yake, mzuri kama askofu mdogo. Misa ndefu.

Mlangoni mwa kanisa Mama alisimama na Crotty muda mrefu. Alimuuliza habari za mamake, habari za goti lake. Nikasogea nisikie kama anamchimba kuhusu farasi. Wapi! Hakuuliza hata neno moja. Macho yake yalikuwa kwenye mkanda wa suruali ya Crotty tu. Mwisho akamgusa tumboni kwa ncha ya mwavuli, akasema, "Unaonekana una afya, Dinny," akaenda zake.

Nilimwonea huruma. Uzee si mchezo. Wenzake wote wanatazama miguu ya farasi, yeye anatazama mikanda ya wanaume.

Kwa kuwa leo mfungo umelegezwa, nimempelekea Crotty pai ya tatu. Ya shukrani. Ameila yote nimesimama hapo hapo. Alisema hajawahi kuwa na rafiki kama mimi.

Ijumaa, 18 Machi

Siku ya kuchagua. Mama alisema mdogo atangulie, ndiyo adabu. Nilisimama. Nikasema Siri ya Padri, kofia nyeupe, mpandaji Dinny Crotty, mkufunzi Malachy Tuohy. Nikakaa. Hata padri hasomi Injili hivyo.

Mama alikoroga chai. Akakoroga tena. Akasema, "Binti Ukungu."

Nilicheka mpaka maziwa yakanivuja. Mkweche anayetafuna milango! Na juu yake Nuala, msichana mwembamba kama sindano ya kufumia, upepo ukivuma anashika ukuta! Nikamwambia Mama kwa heshima kwamba bado ana nafasi ya kubadili. Akasema, "Asante, mwanangu. Nimeshapima."

Jikoni Colman alininong'oneza, eti kuna habari kwamba nimekuwa nikimpelekea Crotty chakula, ni kweli? Nikasema ukarimu si dhambi. Akauliza chakula gani. Nikamwambia. Akauliza pai ngapi. Nikamwambia. Akajifunika uso kwa taulo ya vyombo akabaki hivyo. Amechoka, nadhani. Kazi yake ya maziwa ya ng'ombe inaamsha watu mapema mno.

Fintan amelala. Nimemwambia: siku mbili tu, baba.

Jumamosi, 19 Machi

Nitaandika yote.

Mvua, matope, watu kama nzige. Nilivaa koti langu la harusi. Mtoto nimemfunga kifuani, yeye naye ana haki ya kuona. Siri ya Padri alizunguka uwanja wa maonyesho akimeremeta, masikio wima. Binti Ukungu alijaribu kula kofia ya mwamuzi.

Kisha kipaza sauti kikatangaza: Siri ya Padri, mpandaji Crotty, ratili nne zaidi. Umati ukaguna. Nikajivunia kweli kweli! Wengine wote wembamba kama njiti, mpandaji wangu peke yake ametajwa kwa nguvu zake. Mama alinishika mkono akaniuliza taratibu kama nimesikia. Nikasema nimesikia, na asiogope, hatujafika mwisho. Akasema, "Mwanangu, ratili nne zinabebwa na farasi, si na Crotty." Nikamjibu kwamba farasi wa baba yangu alibeba mikate ya nyumba arobaini kila asubuhi na hakuna aliyemtangazia.

Wakaondoka. Kiunzi cha tano, watatu chini. Cha kumi, wawili wakagoma. Kwenye mtaro wa maji yule wa kufumba macho alifumba, akaogelea. Kila walipopita, Siri ya Padri alikuwa mbele, anaruka kama amesahau kushuka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikawa ya jogoo mgonjwa.

Kiunzi cha mwisho wakatokea wawili sambamba. Mashati mawili ya kijani, mikanda miwili ya dhahabu, vichwa viwili vya tope tupu. Mmoja akachomoka kwa urefu wa shingo moja ya farasi, akakata mstari. Nikajua ni wangu! Mwendo ule, kiburi kile! Nikampandisha mtoto juu nikapaza sauti, "Fintan! Anaitwa Fintan!" Nikambusu polisi. Nikambusu na mwenzake.

Mpandaji akageuka, akafuta kofia kwa kiwiko. Nyekundu.

Nuala. Shingo moja. Maili tatu, viunzi kumi na vinane, na shingo moja!

Crotty aliponiona alitaka kujificha nyuma ya farasi, lakini sasa hajifichiki vizuri. Akaja kofia mkononi. Akasema farasi alitoa roho yake yote. Akasema, "Dada, kila kiunzi niliruka mimi kwanza, halafu nikasikia pai zinafuata."

Nikaenda nyuma ya gari la kubebea farasi nikalia. Mtoto alilala tu, hajui alichopoteza. Nilimwomba radhi, nikamwomba na Baba radhi. Mama akanifuata. Nilidhani amekuja kunicheka. Akanifunika na mtoto kwa koti lake, akasimama mvuani mpaka nikamaliza.

Jumapili, 20 Machi

Amebatizwa. Bartholomew.

Padri alipouliza jina, Mama ndiye aliyepaswa kulitamka. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Miaka minne tangu azike mumewe, na sijawahi kumwona akilia. Basi nikalitamka mimi. Kwa sauti, vizuri, kila herufi. Nilijivunia. Mtoto alipiga yowe maji yalipomgusa, yowe la mtu wa kuuza mikate, watu wakageuka mpaka viti vya nyuma.

Kwenye chai Mama alinivuta pembeni. Akasema mimi ni mjinga mpendwa. Akaniuliza kama sijui kwamba mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Ni desturi ile ile! Fintan alikuwa njiani tangu mwanzo, hakuna ambaye angempinga. Nilipomuuliza kwa nini hakusema Jumapili iliyopita, akasema alitaka kusema, ila nilikuwa nimeshatema mate.

Nimefikiri juu ya hilo kwa muda wa vikombe viwili. Ni habari njema, sikatai. Lakini jina la baba yangu kupewa hivi hivi tu, kama koti la msaada wa kanisa? Mtu aliyesimama wima kwenye gari la mikate miaka thelathini na mmoja? Hapana. Fintan atashindaniwa, na atashinda.

Jumatatu ya Pasaka kuna mbio nyingine kubwa, maili tatu na nusu. Nimemwendea Mama mbele ya wageni wote nikaliweka rehani jina la mtoto wa pili. Colman amesema mtoto wa pili hayupo. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Mama akauliza nikishindwa yeye amwite mtoto nani. Nikasema atakavyo. Akafikiri, akasema, "Philomena."

Nikauliza, na akiwa wa kiume?

Akasema hasa akiwa wa kiume.

Nimekubali papo hapo. Mtu mwenye jicho la farasi haogopi jina.