Leso Zangu Hazimsemi Mtu

Abdulghani Yeslam,
Duka la Leso, mkabala na meza ya pilau ya Bi Mwanasaumu,
Likoni, Mombasa.

Kwa Bi Florence Menza,
Mkufunzi wa Matangazo ya Mtandaoni kwa Wafanyabiashara Wadogo.

Mwalimu wangu mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUIREJESHA BIASHARA YANGU ILIPOKUWA KABLA YA SEMINA YAKO

Salaam sana. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na jamaa zako wote, na kwamba sauti imekurudia, maana siku ile ukumbini Mtongwe ilikuwa imekukauka kwa kutufundisha. Sisi huku ni salama, isipokuwa haya nitakayokueleza.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule mzee wa kofia ya kushonwa kwa mkono aliyekaa kiti cha mbele akakuuliza kama ni lazima picha iwekwe maua pembeni. Nauza leso, kazi niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Na leso, kama ujuavyo, si leso bila jina lake, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa juu ya pindo. Mwanamke wa kwetu husoma jina kwanza, rangi baadaye, na akishalisoma hutaka kujua lamsema nani.

Wewe ulitufundisha tuweke picha moja kila asubuhi kwenye statasi ya simu, ile inayokaa mchana kutwa na usiku kucha kisha ikajifuta yenyewe. Ukasema tusieleze sana. Na ukasisitiza, mpaka ukagonga meza, kwamba siri ya biashara ya siku hizi ni mteja kuhisi tangazo lamhusu yeye mwenyewe. Nilikusikiliza kwa masikio yote mawili. Nilirudi dukani nikaanza na leso ya juu kabisa ya rafu, moja kila siku baada ya sala ya alfajiri, nikishuka chini. Sikuchagua. Nalisema hili mapema kwa kuwa ndilo shina la barua yangu: nilifuata rafu.

Sasa yapokee malalamiko yangu, nimeyatia nambari kama ulivyotufunza.

1. Rafu ilianza na leso ya samawati yenye jina "Mchele mmoja, mapishi mbalimbali." Bi Mwanasaumu, jirani yangu wa miaka na miaka, anauza pilau upande wa pili wa njia. Kabla jua halijapanda alikuwa mlangoni kwangu na mwiko mkononi, akitaka kujua pilau yake ina kasoro gani hata niitangaze kwa Likoni nzima. Nikamwapia wallahi sikumkusudia yeye. Akasema, "Kwani njia hii nzima ni nani mwengine apikae mchele?" Na kweli hakuna. Basi akanunua kwangu leso ya "Kila ndege huruka kwa ubawa wake", akaitandika juu ya meza yake, maneno yakielekea kwangu. Tangu siku hiyo pilau namtuma mtu aninunulie, na akisema ni ya nani huletewa ukoko.

2. Bwana Faki ni mweka hazina wa kamati ya msikiti wetu mdogo, mtu mwaminifu ambaye hata asiyempenda hamshuku. Siku moja rafu ikatoa "Haba na haba hujaza kibaba." Mwalimu, neno hilo watoto hulikariri shuleni kabla hawajajua kibaba ni nini. Ijumaa baada ya sala, Bwana Faki alisimama, akaomba watu wasiondoke, akaanza kueleza rangi ya ukuta ilinunuliwa wapi na kwa nini feni ya upande wa wanawake haijafungwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alipomaliza ndipo watu wakaanza kuuliza. Hivi sasa kuna kamati ndogo ya kuichunguza kamati. Mkewe naye alikuja dukani kununua jozi mbili za "Hasidi hana sababu", moja ya kupitia mbele yangu akienda sokoni, na ya pili ya kurudia.

3. Shemeji yangu Najib alikuja kututembelea kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, Mfungo Tatu ukapita, na kwetu mgeni haulizwi ataondoka lini. Ilipofika zamu ya leso ya "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", niliiweka kama nilivyoziweka nyingine. Kidole changu hakikusita, lakini nakuhakikishia hakikuwa kikisita hata kwa zile za nyuma. Mke wangu alilia akijua kakake atafunga mzigo. Najib hakufunga mzigo. Alikwenda akanunua jembe. Ameulima uwanja wetu wote wa nyuma, ameung'oa mrihani wa mke wangu na mwasumini aliopewa na mamake, na amepanda muhogo. Nawe wajua, Bi Florence, muhogo hauvunwi mwezi huu wala mwezi ujao.

4. Hayo matatu ningeyameza. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Binti yangu wa pekee, Israa, amechumbiwa na kijana wa Kisauni aitwaye Mussab, anayefanya kazi kwenye hoteli moja ya Shanzu. Ni kijana mpole, mwenye adabu, na Israa anampenda, ingawa mbele yangu hujifanya hajui hata jina lake. Posa tuliikubali Alhamisi, na kwa furaha tukawapelekea sinia la halua na mahamri. Usiku ule ule mamake Mussab, Bi Ruwaida, akaiandika nambari yangu kwenye simu yake ili tuwe tukijuliana hali. Asubuhi rafu ikatoa "Umdhaniaye ndiye, siye."

Fikiria, Mwalimu. Salamu ya kwanza kutoka kwa mkwe wake mtarajiwa, hajanywa hata chai, ni hiyo. Mimi nilikuwa nikitangaza leso ya manjano yenye maua ya zambarau, bei nafuu.

Jumamosi sinia letu lilirudi. Lilikuwa tupu. Limeoshwa, limekaushwa, halina hata kokwa moja ya tende. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu hata baina ya watu waliopelekana kortini. Mke wangu alilipokea akalitazama, akaliweka chini akaketi kando yake kama mtu aliyefiwa. Mussab hapigi simu tena. Israa akiulizwa husema hana neno, lakini wali wake hubaki sahanini, na simu yake ameilaza kifudifudi juu ya kabati. Naumia, Bi Florence. Nilikuja kwako kujifunza kuuza nguo, sikuja kuuza raha ya mwanangu.

Nilimpigia Bi Ruwaida kumweleza habari ya rafu. Aliniamkua vizuri, na kabla sijaifikia rafu akaniambia hana kinyongo, na kwamba maneno ya leso ni maneno tu. Mtu wa pwani akikuambia hana kinyongo kwa sauti ile, jua kinyongo kimeshatandikiwa mkeka.

5. Nikaamua kunyamaza. Sikuweka picha yoyote, nikidhani moto usiotiwa kuni huzimika. Siku ya kwanza ya kimya, Bi Mwanasaumu alimtuma mtu aniulize nimemnunia nani. Siku ya pili Bwana Faki alinipita akitoa salamu kwa sauti ya chini kama mgonjwa. Ya tatu mke wangu akaniletea habari kamili: Likoni imekubaliana kwamba leso inayofuata ni nzito mno hata mimi mwenyewe nimeshindwa kuitoa, na kila mmoja ana hakika ni yake. Jioni hiyo duka lilijaa watu wanaonunua majibu mapema.

6. La mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote: naambiwa nimefaulu. Rafu zangu zimebaki mbao. Nimeagiza mzigo mwingine mara mbili, kwa sababu aliyetajwa hununua jibu, na aliyejibiwa hununua jibu la jibu. Nimesikia kwamba wewe huwaonyesha wanafunzi wako wapya picha yangu, ukisema huyu ni mfanyabiashara mdogo aliyejua kumgusa mteja. Mwalimu, nimewagusa hadi hawanisalimii. Nakuomba picha hiyo uiondoe.

Ulitufundisha kwamba maradhi ya mfanyabiashara mdogo ni watu kumpita bila kumtazama. Maradhi hayo huenda yako kwengine. Likoni hatukuwa nayo. Hapa ukinunua viatu vipya utaulizwa bei yake mara tatu kabla hujafika kwenu, na ukibadilisha njia ya kwenda msikitini watu huja kukujulia hali. Elimu yako ni ya mji ambao watu hawajuani. Mtu wa mji huo akiiona leso yangu kwenye simu ataona nguo. Mtu wa Likoni ataona ametajwa. Kwa hivyo nimefikia uamuzi kwamba matangazo ya mtandaoni yanamfaa tu mfanyabiashara mdogo asiyejuana na wateja wake, na mfanyabiashara mdogo asiyejuana na wateja wake, wallahi, huyo hana biashara. Ukilipima hilo utaona halina jibu.

Kutokana na hayo naomba mambo matatu kwa unyenyekevu. Kwanza, uje tufuatane hadi Kisauni, ukaseme mbele ya Bi Ruwaida na wazee wake kwamba ni wewe uliyenifunza kuweka picha kila asubuhi, na kwamba mimi ni mwanafunzi mtiifu asiye na fikra zake mwenyewe. Nauli ya kwenda na kurudi ni juu yangu. Pili, uniandikie cheti chenye muhuri kwamba leso za Abdulghani Yeslam hazimsemi mtu, nikitundike mlangoni mahali ambapo Bi Mwanasaumu atakiona bila kuinuka. Tatu, ikiwa wajuana na wakubwa wa mitandao ya simu, uwasihi mtandao uwe ukizimwa upande huu wa feri kuanzia alfajiri hadi saa tatu, watu wapate kustaftahi kwanza. Nimechunguza nikaona hakuna aliyewahi kukasirishwa na leso akiwa ameshiba.

Wasalimie wote wa nyumbani, na yule dada aliyetugawia chai na kaimati siku ya semina, mwambie dua zetu ziko naye. Wa hapa wote wakusalimu, ila Bi Mwanasaumu, ambaye hajui kwamba nakuandikia, na akijua atataka kusomewa nilipomtaja.

Niko chini ya miguu ya elimu yako, ingawa imenikanyaga,

Abdulghani Yeslam.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, Bi Ruwaida akaingia dukani mwenyewe. Amevuka feri na shangazi wawili wa Mussab. Nilijua posa imevunjika. Lakini alinisalimu vizuri, akauliza bei ya leso, kisha akaniomba nimpunguzie. Hapo nikapumua, kwa kuwa mwanamke mwenye hasira hulipa bei yote. Kumbe huko Kisauni kuna jirani yake, mama mmoja ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiwatangazia watu kwamba Mussab atamwoa binti yake. Mpwa wa mama huyo ni mteja wangu, akamwonyesha "Umdhaniaye ndiye, siye" kwenye simu. Mama akajua ni lake, na tangu hapo hajafungua madirisha ya upande wa kina Ruwaida. Bi Ruwaida amepata habari hizo jana, na asema hakujua kwamba mkwe wake ni mtu wa kumtetea namna ile. Sikutaja rafu. Ameagiza leso za ukoo mzima kwa harusi, zote zenye jina hilo hilo, na Mussab amepiga simu mara mbili tangu mchana. Israa amekula akaongeza.

Kwa hivyo Kisauni usije, na cheti usikiandike. Badala yake naomba nafasi katika semina yako ijayo, ile ya matangazo ya kulipia. Yule mpwa ameogopa kumwonyesha tena shangazi yake simu, na Bi Ruwaida hajatosheka. Wewe ulisema katika matangazo hayo mtu huweza kuchagua mtaa, umri, na mambo ayapendayo mteja. Mtaa tunaujua, umri Bi Ruwaida anaukadiria, na alipendalo ni kuchungulia. Nataka tangazo langu limfikie huyo mama jirani mmoja tu.