Kahawa Kabla ya Kisu

Jumatatu, 4 Machi
Shajara yangu, salamu nyingi. Hujambo? Kurasa zote nzima? Mimi namshukuru Mungu, ila valvu moja ya moyo imegoma kufunga, ndiyo maana nakuandikia kutoka wodini. Napasuliwa Alhamisi. Daktari wa usingizi kapita, kaeleza vizuri. Kabla ya kisu nitapewa dawa kali ya maumivu, ndugu yake mofini, ili moyo usishtuke wakinipitishia mpira kooni. Mtu hutulia kama aliyeshiba. Nimeuliza kama naweza kuanza leo. Kacheka. Sikuwa natania.

Jumanne, 5 Machi
Kitanda cha jirani yuko Fundi Cherehani, naye valvu. Wageni wake hawaishi: mke, wakwe, hadi wateja. Viti vyangu viwili wameviazima vyote. Kwangu kaja mpima presha tu. Binti yangu kapiga simu: baba, kazi zimenibana, tuombeane. Tumeombeana.
Nimepata akili. Dawa ile ni ya moyo wenye hofu. Basi mwenye hofu kubwa ataipata mapema. Kesho presha yangu itapanda.

Jumatano, 6 Machi
Nimemsaidia mke wa Fundi kumaliza chupa ya kahawa nyeusi. Fundi kaniuliza, kaka, unakunywa au unazima moto?
Nesi kapima, kamwita daktari mbio. Nikakunja mkono wa shati, tayari kwa sindano. Daktari wa usingizi kasema dawa ile inaweza kupunguza pumzi, haitolewi ovyo wodini, na kwa presha hii sipasuliwi kesho. Nafasi yangu kapewa Fundi. Jamaa zake wamekuja kunishukuru kwa mkono, mmoja mmoja. Sijashikwa mkono na watu wengi hivyo tangu tumzike mke wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi katoka salama, yuko chumba cha uangalizi. Wodi kimya. Viti vyangu vimerudi, nimevipanga vielekee kitandani.
Presha bado juu, na kahawa sijaionja. Nesi kaweka mashine pembeni, kaketi, kanishika mkono, kauliza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani. Nimemsimulia. Kapima tena, imeshuka. Kasema, baba, ukiogopa niite tu, nitakuja, huna haja ya kujitia ugonjwa.
Maneno ya busara. Nimeyakubali kabisa.

Jumatatu, 11 Machi
Napasuliwa kesho. Presha nzuri, kila mtu kafurahi, kwa hiyo hakuna anayekuja. Nimesali. Nimemwombea Fundi, nimemwombea binti yangu. Hofu ipo, imekalia kiti cha kushoto.
Kengele ya kumwita nesi iko hapa kichwani pa kitanda. Lakini mtu mzima atabonyezaje kengele aseme anaogopa? Nimeona heri nikohoe, kikohozi cha kutoka tumboni, asikie, aje mwenyewe. Tatizo nikizidisha wataahirisha tena. Wewe waonaje, nikohoe au nishike kifua tu? Tafadhali nijibu mapema. Nesi yuko karibu kumaliza zamu.