Buse Tatu za Barabara ya Kailo

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Barua kutoka kwa wafadhili. Eti mimi, Prezida wa kamati ya barabara ya Kailo, nisimamishe kibao cha kuonyesha kazi yote: kilomita sita, buse tatu, mabomba ya zege ya kupitisha maji chini ya barabara. Uwazi! Tangu lini barabara ikasomwa? Barabara hukanyagwa. Buse moja iko barabarani. Mbili ziko kwangu, nimejengea kisima kizuri sana. Mke wangu Zainabu anauliza wakaguzi wakija Ijumaa nitasema nini. Huyu naye!

Jumanne, 5 Novemba
Kibao kimesimama kando ya barieri ya mvua, ule mti wa kufungia barabara, kimetazama msitu. Hadharani kabisa, nyani wote wanakiona. Makamu wangu Édouard, anayekimezea mate kiti changu, akataka kigeuzwe. Nikamwambia kazi ya makamu ni kunyamaza.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua! Mungu ananipenda. Mvua ikinyesha, barieri hushuka mpaka barabara ikauke. Nimeishusha, nikatia kufuli. Wakaguzi watapita angani? Lori la Mama Kavuo, mfanyabiashara kutoka Butembo, limekwama hapo na abiria ishirini. Akalia eti samaki wake wabichi wataoza, na ndio karo ya watoto. Nikamjibu kwamba barabara ni mali ya umma, lazima ilindwe. Nilisema vizuri mno.

Ijumaa, 8 Novemba
Jua kali. Barabara imekauka, ila nimesema ufunguo umepotea. Balaa! Abiria wameingia msituni kujisaidia, wakachuchumaa mbele ya kibao. Mama Kavuo akakisoma kwa sauti. Wakaenda kuhesabu buse kwa miguu, kilomita zote sita! Wakarudi na hesabu ya moja.
“Prezida, buse zingine iko wapi?”
Nikasema zimezama. Édouard, nyoka yule, akawaeleza habari za kisima changu. Wakaguzi nao wakafika kwa pikipiki, wakapita ubavuni mwa barieri bila hata kunisalimu.

Jumapili, 10 Novemba
Wanakijiji wamefukua kisima. Wamezibeba buse huku wakiimba, washamba! Mama Kavuo amemwaga samaki waliooza mlangoni kwangu. Uprezida umekwenda kwa Édouard, mikono yote juu, hata wa Zainabu. Nimeumia.
Lakini kosa langu nimelijua: barabara kila mtu anaipita. Shule ya jirani inatafuta prezida wa kamati ya kuchimba choo. Barua ya kuomba nimeshaandika. Shimo la mita sita! Nani atashuka kupima?