Nahodha Bibi Hafi

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu wangu kaja na habari. Kapata kazi ya kuandika tamthilia ya runinga, tena ya vitabu vya babu yake! Vile vya watu wanaoishi ndani ya chombo, wanahama nyota hadi nyota. Juzuu sita, nene kama matofali. Nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu kwanza. Akasema, kwani Bibi uliwahi kuvisoma?

Adabu hana. Sikuvisoma, nilisomewa! Mimi shule niliishia nilipojua kuandika barua, kusoma kwa kidole na kubishana na mwalimu. Lakini Mzee, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio. Kila jioni akishafunga kibanda chake ananisomea, mimi napiga pasi. Alizimaliza zote sita. Nazijua kuliko aliyeziandika.

Mtu wangu humo ni Nahodha Bibi. Mwanamke wa umri wangu, anaongoza chombo kizima, anagombeza vijana na hamwogopi mtu. Na yule Fundi wake wa mitambo! Mpole, anamletea chai kila asubuhi, anatengeneza kila kilichoharibika, ila bisibisi yake mwenyewe haioni hata ikiwa mfukoni. Naikumbuka mpaka leo jioni ile alipotokea. Chombo kimelipuka, moshi kila mahali, Nahodha yuko chini. Nikaweka pasi. Nikamwambia Mzee, akifa huyo mama leo, chakula jipikie. Mzee akakohoa. Akanywa maji. Akafunua ukurasa, na Fundi huyo hapo mlangoni!

Nimemwambia mjukuu wangu nitakuja kukagua. Hakujibu. Nimehesabu kwamba amekubali.

Jumatano, 6 Machi

Nimekagua. Aibu tupu.

Chombo cha angani kimo ndani ya ghala lililokuwa la magunia. Kuta zake ni trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha. Nikabonyeza moja, ikabonyea. Kijana anayepaka rangi akaniambia mama usiguse, hiyo ni injini. Injini! Nimeona mayai yakisafiri, lakini si umbali huo.

Mwongozaji ni bwana mmoja mwenye kofia, haivui hata ndani ya nyumba. Namwita Kofia. Akaniamkia vizuri, shikamoo na yote, kisha akanikalisha nyuma ya nguzo mahali ambapo huoni kitu. Sikukaa. Ndipo nikamwona Nahodha Bibi wao. Koti refu, nishani kifuani, kidevu juu.

Mama Pazia!

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta! Huyu anayeishi maisha yangu yote kupitia dirisha lake! Eti walitafuta bibi mwenye sura kali. Na yangu ni sura ya nini, ya kupepelea moto? Mjukuu wangu akaninong'oneza kwamba Kofia alitaka pia mtu anayeweza kunyamaza wenzake wakiwa wanasema. Halafu akaongeza, "Bibi, nakuomba, usianze." Nikamwambia sijaanza, nikianza utajua. Mjukuu wangu huyu wa kike siku zote kwa utani namwita mke mwenzangu. Leo nimemwita kwa majina yake yote mpaka la ukoo.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu si wa mtu mmoja. Mama Pazia kapiga hodi, mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. Ana mtoto wa jicho, maandishi ya mswada anayaona kama sisimizi. Na aliwadanganya wale watu kwamba anaona vizuri. "Mwenzangu, nisomee tu, mimi kichwa changu kinashika." Nikajifanya sikusikia, mpaka akarudia kuomba.

Nikasoma kwa kidole, neno kwa neno. Nikafika kwenye mlipuko. Nahodha anaanguka. Nahodha anakufa.

Anakufa! Kwenye juzuu ya kwanza! Na Fundi je? Nikapekua mswada wote mpaka gamba la nyuma. Hayumo. Wamemkata! Mtu aliyeokoa chombo kizima wamemkata kama kucha! Na aliyemkata ni mjukuu aliyebebwa mgongoni na Mzee mwenyewe.

Sikumpigia simu kumuuliza. Nimuulize ili anidanganye? Nimepata njia fupi. Nimemsomea Mama Pazia vile inavyotakiwa kuwa. Nahodha anainuka, anamwita Fundi, safari inaendelea. Akauliza kama kweli hayo yameandikwa hapo. Nikamuuliza, kati yetu sisi wawili mwenye macho ni nani?

Kashika yote. Hilo lazima nimpe, kichwa anacho.

Jumamosi, 9 Machi

Leo wamepiga picha ya mlipuko. Nilivaa gauni la sherehe.

Moshi ukatoka kwenye kopo. Trei za mayai zikatetemeka. Watu wakaanguka. Mama Pazia akaanguka vizuri kuliko wote, wengine mpaka wakapiga makofi. Kofia akawa anasubiri afe. Hakufa! Akainuka kwa kiwiko, nishani zinalia kifuani, akapaza sauti, "Fundi! Mimi nimechelewa kufa, na wewe umechelewa chai!"

Halafu fundi wa taa akaja mbio mbele ya kamera, waya shingoni, anauliza taa ipi imeungua.

Kofia akavua kofia na kuitupa chini. Ana upara unaong'aa kama yai. Ndiyo sababu nikacheka, na hapo ndipo waliponiona. Mama Pazia akaninyooshea kidole hata kabla hajaulizwa. Msaliti!

Mjukuu wangu akanitoa nje, tukakaa kwenye ngazi za ghala. Akatoa kitabu chenyewe mkobani, akanisomea. Nahodha anakufa. Tena haraka haraka, hata maneno ya mwisho hasemi. Nikamuuliza Fundi yuko ukurasa gani. Akasema hakuna Fundi, Bibi. Kavisoma vyote sita, hakuna. Nikamwambia hicho kitabu chake ni cha bandia. Akasema Kofia amempa onyo, na akifukuzwa kwenye kazi hii kwa sababu yangu... Hakumaliza. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, mdomo umefungwa, mabega ndiyo yanasema.

Nimeapa mbele yake. Sitamfundisha Mama Pazia hata neno moja la mswada. Kiapo ni kiapo.

Jumapili, 10 Machi

Nimeshusha vitabu vya Mzee kutoka juu ya kabati ili nimwonyeshe mjukuu wangu. Nikapangusa vumbi. Nikasoma kwa kidole.

Nahodha amekufa humu pia.

Juzuu ya pili nikapekua, hakuna Fundi. Ya tatu wanakaa vikao tu, mmoja anasema, mwingine anapinga. Ya nne sikuweza hata kuifunua. Kurasa zimeshikana pembeni kama zilivyotoka kiwandani. Ya tano vilevile. Ya sita vilevile. Hakuna mkono wa mtu uliowahi kuzifungua.

Sasa miaka yote ile alikuwa anasoma nini?

Nikakaa. Nikafikiria yale maji aliyokunywa. Nikafikiria na bisibisi, jinsi tulivyokuwa tukiitafuta nyumba nzima na iko mfukoni mwake. Na nani aliyekuwa ananiletea mimi chai kila asubuhi, na hakuna siku iliyokuwa na sukari ya kutosha?

Mwongo mkubwa yule! Aliniacha nikipiga pasi mashuka yasiyohitaji pasi, ili tu nijue Fundi kafanya nini!

Nikampigia simu mjukuu wangu, nikamwambia babu yako alikuwa mwongo, njoo. Alikuja. Nikamsimulia yote tangu Fundi alipoingia mlangoni mpaka walipozeeka yeye na Nahodha, wakalima mboga kwenye nyota isiyo na jirani. Chai yetu ikapoa. Mwishoni akaniuliza taratibu kama sasa nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa. Aliyeandika vitabu alikosea. Mzee alimsahihisha.

Jumamosi, 18 Mei

Jioni hii wameonyesha sehemu ya kwanza. Tumeangalia kwangu, runinga yangu ndiyo kubwa. Mama Pazia kakalia kiti changu kizuri bila kukaribishwa, pua inagusa kioo.

Mlipuko. Nahodha akaanguka. Safari hii akafa kweli. Halafu kamera ikageuka polepole kuelekea mezani kwake. Pana kikombe cha bati kilichobonyea, chai bado inafuka moshi. Kando yake bisibisi. Picha ikaishia hapo.

Mjukuu wangu alikuwa hatazami runinga, ananitazama mimi. Mimi nilikuwa nashughulika na vumbi lililoingia jichoni. Nilipomaliza nikamwambia kikombe wamekiweka upande siyo, Mzee alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na hiyo chai hata kwenye runinga inaonekana haina sukari. Akacheka, akaniegemea. "Haya, mke mwenzangu," akasema. Halafu akaenda jikoni kuosha vikombe.

Mama Pazia analia kwa sauti, anajililia mwenyewe. Anauliza, ndiyo nimekwisha hivyo? Juzuu zingine hazinitaji hata kidogo? Akaniomba nimsomee ya pili, japo mwanzo wake.

Niliapa kuhusu mswada. Hiki ni kitabu.

Nikaishusha juzuu ya pili. Nikakohoa. Nikanywa maji. Nikafunua ukurasa.

Kumbe Nahodha alikuwa amezimia tu!

Jumatatu asubuhi Mama Pazia anakwenda kwa Kofia kudai koti lake la msimu wa pili, maana kitabu kimesema. Mimi sijamtuma. Namsindikiza tu, kwa sababu njia haioni.